Tufunge Kwanza Kiwanja Chetu



Ndugu wasomaji, makala hii tunaiandika kwa niaba ya darasa letu la teolojia. Sehemu yake ni taarifa ya kazi tuliyopewa na mwalimu wetu katika Kwaresima ya mwaka 2025, na sehemu nyingine ni ungamo. Tumeona vema kuviweka pamoja, kwa sababu bila ungamo ile kazi ingebaki kuwa karatasi ya kupewa alama tu.

Mwishoni mwa Januari mwaka huo mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulitwaliwa na waasi wa M23. Wengi wetu ni Watanzania, na vita hiyo tungeweza kuifuata kama tunavyofuata habari nyingine za redio. Lakini darasani tunao wenzetu wa mashirika ya kitawa wanaosoma pamoja nasi. Mmoja kwao ni upande wa Kongo wa Ziwa Kivu, mwingine kwao ni upande wa Rwanda wa ziwa hilohilo. Tangu waanze masomo walikaa dawati moja. Walishirikiana vitabu na sabuni, na yule wa Kongo alipotusalimu "Jambo sana!" kila asubuhi, yule wa Rwanda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, saa ambayo tunaruhusiwa kutumia simu, mmoja wetu, Mtanzania, aliweka katika kundi letu la WhatsApp video iliyotoka Goma na kuongeza maneno ya mzaha chini yake. Baadhi yetu tulicheka. Mmoja wa wale wawili akajibu kwa hasira, mwenzake akamjibu, na kabla ya Masifu ya Jioni maneno yalikuwa yamekwenda mbali: nani kaanza, nani anamsaidia nani, nani ni mgeni katika ardhi ya nani. Siku zilizofuata bwaloni kukawa na meza mbili. Wengine wetu tulihamia hii, wengine ile. Kwenye Misa, tulipoalikwa kutakiana amani, tulipeana mikono na waliokuwa karibu nasi, na kila mmoja alikuwa amehakikisha mapema anakaa karibu na nani.

Hatukupigana. Hilo ndilo tulilojivunia. Gombera akituuliza, tungemwambia bila kupepesa macho kwamba darasa letu halina ugomvi na kwamba sisi wengine hatuna upande.

Katika hali hiyo mwalimu wetu wa Mafundisho Jamii ya Kanisa akagawa kazi. Kila kundi lilipewa nchi iliyotafuta amani wakati majirani zake wanapigana. Kundi moja lilipata Tanzania na mazungumzo ya Arusha kuhusu Burundi, yaliyoanza chini ya Mwalimu Nyerere na kufikia mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000 chini ya Mzee Mandela. Tuliwaonea wivu. Sisi kura ilituangukia Kosta Rika, nchi ambayo baadhi yetu tuliifahamu kwa timu yake ya mpira tu. Tulipolalamika, Padre alitujibu kwa kifupi: "Someni kwanza, mafrateri. Halafu mtaniambia kiwanja kilikuwa wapi."

Hatukumwelewa mpaka wiki ya pili.

Nchi iliyovunja ukuta wa kambi yake

Kosta Rika ipo Amerika ya Kati, ikipakana na Nikaragua upande wa kaskazini na Panama upande wa kusini. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 51,100. Ndani ya Tanzania zingeingia Kosta Rika 18 na nafasi ikabaki.

Mwaka 1948, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, nchi hiyo iliingia katika vita ya wenyewe kwa wenyewe. Vita ilidumu wiki sita hivi, na watu wapatao 2,000 wakafa. Kiongozi wa upande ulioshinda, José Figueres, angeweza kufanya kama wafanyavyo washindi wengi, yaani kuligeuza jeshi lake kuwa jeshi la taifa na kulikalia. Badala yake, tarehe 1 Desemba 1948 alikwenda kwenye kambi ya Bellavista katika mji mkuu, San José, akashika nyundo na kuupiga ukuta wa kambi kuwa ishara kwamba jeshi limevunjwa. Kambi ile ikafanywa Makumbusho ya Taifa. Katiba ya mwaka 1949, katika ibara ya 12, ikapiga marufuku jeshi la kudumu.

Tulipofika hapo tulianza kubishana. Mwenzetu mmoja alisema, "Asiye na jeshi lazima ahubiri amani. Atafanya nini kingine?" Mwingine akaongeza kwamba ni rahisi kutupa silaha ukiwa chini ya mwavuli wa mkubwa. Neno hilo lina ukweli wake. Kosta Rika ilishambuliwa kutoka upande wa Nikaragua mwezi huohuo wa Desemba 1948, na tena Januari 1955, na mara zote mbili ilikimbilia Umoja wa Nchi za Amerika, ambamo Marekani ilikuwa na sauti kubwa. Hatutaki kuipamba nchi hii kuliko inavyostahili.

Hata hivyo, tulipoendelea kusoma tuligundua kwamba hoja ya kwanza haikuwa sahihi. Si kweli kwamba mnyonge hana la kufanya katika vita isipokuwa kuomba amani. Mnyonge ana njia yake ya kushiriki vita za wakubwa: hutoa njia, hutoa ghala, hutoa kiwanja, kisha huapa kwamba hajashika bunduki.

Majirani wanaungua

Katika miaka ya 1980 Amerika ya Kati iliwaka moto. Nchini Nikaragua, Wasandinista walimwangusha dikteta Somoza mwezi Julai 1979. Serikali yao ilisaidiwa na Kuba na Umoja wa Kisovieti. Marekani, chini ya Rais Ronald Reagan, ikawapa silaha na fedha waasi walioitwa Contra, ambao wengi wao walikuwa na kambi zao Honduras, na wengine walipita kwenye mpaka wa Kosta Rika. Nchini El Salvador vita kati ya serikali na wapiganaji wa msituni ilianza mwaka 1980, na hadi ilipokwisha watu wapatao 75,000 walikuwa wamekufa. Nchini Guatemala vita ilikuwa inaendelea tangu mwaka 1960. Inakadiriwa kwamba iliua au kupoteza watu 200,000, wengi wao wakiwa wenyeji wa jamii za Wamaya.

Sisi mafrateri historia hiyo tunaijua kwa upande mmoja tu, upande wa mashahidi. Tunamjua Mtakatifu Oscar Romero, Askofu Mkuu wa San Salvador, aliyepigwa risasi akiadhimisha Misa tarehe 24 Machi 1980 na kutangazwa mtakatifu tarehe 14 Oktoba 2018. Tunajua kwamba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alizitembelea nchi hizo Machi 1983, na akapiga magoti kwenye kaburi la Romero. Tusichokijua ni jinsi vita hizo zilivyofungamana. Mpiganaji wa El Salvador alipata silaha kupitia Nikaragua. Mwasi wa Nikaragua alilala Honduras. Mkimbizi alivuka popote palipovukika. Kila serikali ilisema inajilinda tu, na kila mwaka moto ulisogea mpaka unaofuata. Nchi nne jirani, Meksiko, Venezuela, Kolombia na Panama, zilijaribu kusuluhisha kuanzia Januari 1983, lakini jitihada zao zikakwama.

Tarehe 17 Novemba 1983 Rais wa Kosta Rika, Luis Alberto Monge, alitangaza rasmi kwamba nchi yake haitafungamana na upande wowote katika vita za majirani, daima, na bila silaha. Lilikuwa tamko zuri. Tulilinakili lote kwenye daftari zetu.

Ukurasa uliofuata ndipo tulipokipata kile kiwanja cha Padre.

Kiwanja cha Santa Elena

Kaskazini-magharibi mwa Kosta Rika, karibu na mpaka wa Nikaragua, kuna rasi inayoitwa Santa Elena. Huko, mahali panapoitwa Potrero Grande, palijengwa kwa siri kiwanja cha ndege. Kilikuwa sehemu ya mtandao uliosimamiwa na Oliver North, ofisa wa kijeshi aliyefanya kazi Ikulu ya Marekani, kwa ajili ya kuwapelekea Contra silaha. Baadhi ya wakubwa wa usalama wa Kosta Rika walijua. Kwa hiyo nchi ileile iliyosimama mbele ya mataifa na kusema haina upande, ilikuwa na kiwanja porini.

Mwezi Mei 1986 aliapishwa rais mpya, Óscar Arias, mwenye umri wa miaka 45, aliyewaomba wananchi kura kwa kuwaahidi amani. Arias alikataa kiwanja kile kisitumike tena, na mwezi Septemba mwaka huo serikali yake ikakitangaza hadharani. Hakikuwa kitendo chepesi. Uchumi wa Kosta Rika ulikuwa na madeni mazito na ulitegemea misaada ya Marekani, na fedha za misaada hiyo zilianza kuchelewa. Hata raia wake wapo waliomlaumu kwamba anamchokoza rafiki mkubwa ili kumpendeza jirani mbaya. Leo rasi ile ni eneo la hifadhi ya mazingira ya Guanacaste.

Tuliangalia miezi na tarehe kwa makini. Arias alikifunga kiwanja Septemba 1986. Mpango wake wa amani aliuweka mezani tarehe 15 Februari 1987. Kufunga kulitangulia kuhubiri. Tunaamini hii ndiyo siri ya habari nzima, nasi tuliiandika kwa herufi kubwa ubaoni siku ya kuwasilisha kazi yetu. Kama kiwanja kingeendelea kupokea ndege usiku, Rais wa Nikaragua angekuwa na haki ya kumcheka yeyote kutoka San José ambaye angemwambia ajizuie.

Marais watano katika chumba kimoja

Mpango wa Arias mwanzoni ulipokelewa kwa mashaka. Katika mkutano wa Februari, Nikaragua haikuwepo, na wengi walidhani ni njama nyingine. Marekani haikuupenda kwa kuwa ungewanyima Contra msaada. Kwa miezi kadhaa Arias na wasaidizi wake walizunguka wakieleza, wakisikiliza na kurekebisha maneno.

Tarehe 6 na 7 Agosti 1987 marais watano walikutana katika mji wa Guatemala: Arias, Vinicio Cerezo wa Guatemala, José Napoleón Duarte wa El Salvador, José Azcona wa Honduras na Daniel Ortega wa Nikaragua. Siku moja kabla, Washington ilikuwa imetangaza pendekezo lake yenyewe. Inasimuliwa kwamba Arias aliomba wasitoke chumbani mpaka wawe na jibu. Walitoka wakiwa wametia sahihi mkataba unaoitwa Esquipulas wa Pili, kwa jina la mji mdogo wa Guatemala ambako marais hao walikutana mara ya kwanza Mei 1986. Ndugu waamini, Esquipulas ni mahali pa hija. Ndani ya basilika yake yupo Kristo Msulibiwa wa mti uliogeuka mweusi, na mahujaji wa nchi zote tano, pamoja na wale waliokuwa wanawindana, walikuwa wakimwendea kwa vizazi.

Mambo matatu katika mkataba huo yalitugusa.

La kwanza, kila nchi iliambiwa ianze nyumbani kwake. Izungumze na wapinzani wake wasio na silaha, itoe msamaha, isimamishe mapigano, iruhusu magazeti na uchaguzi huru. Na kila nchi iliahidi kutowasaidia waasi wa nchi nyingine wala kuruhusu ardhi yake itumike kumshambulia jirani. Hapo tulikiona tena kiwanja cha Santa Elena, kwani alichokwisha kukifanya Arias kwake sasa kiliombwa kwa wote.

La pili, mambo hayo yalipangiwa kuanza kwa pamoja, katika muda wa siku 90. Katika ugomvi kila mtu husema, "Aanze yeye." Mkataba ulikata neno hilo. Hakuna aliyetakiwa kuwa wa kwanza kuinama huku mwenzake amesimama.

La tatu linatuhusu sisi moja kwa moja. Mkataba uliagiza kila nchi iunde tume ya upatanisho wa taifa, na mjumbe mmoja atokane na majina yatakayopendekezwa na maaskofu. Nchini Nikaragua tume iliongozwa na Kardinali Miguel Obando y Bravo, ambaye Wasandinista hawakuwa wakimpenda hata kidogo. Nchini Guatemala iliongozwa na Askofu Rodolfo Quezada Toruño. Nchini El Salvador, Askofu Mkuu Arturo Rivera y Damas, mrithi wa Romero, alikuwa tayari ameshazileta pande mbili pamoja ndani ya kanisa la mji wa La Palma mwezi Oktoba 1984. Watu hawa hawakuwa mabalozi kwa taaluma. Waliingia seminari kama sisi, wakajifunza kuungamisha, kuzika na kukaa na watu wenye hasira.

Mwezi Oktoba 1987 Arias alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani. Tarehe 3 Februari 1988 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikataa msaada mpya wa kijeshi kwa Contra kwa kura 219 dhidi ya 211. Tarehe 23 Machi mwaka huo, huko Sapoá, karibu na mpaka wa Kosta Rika, Wasandinista na Contra walitia sahihi usitishaji wa mapigano, Kardinali Obando akiwa shahidi. Tarehe 25 Februari 1990 Nikaragua ilipiga kura, Ortega akashindwa na Violeta Chamorro, naye akaachia madaraka.

Bei yake

Tungeishia hapo, kazi yetu ingekuwa nzuri na ya uongo. Mwenzetu wa Kongo, ambaye mpaka wakati huo alikuwa hazungumzi sana katika kundi, ndiye aliyetuzuia. Alisema, "Karatasi za amani sisi tunazo nyingi. Andikeni pia waliokufa baada ya sahihi."

Tukaandika. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba 1989, miaka miwili na zaidi baada ya Esquipulas, askari wa jeshi la El Salvador waliingia Chuo Kikuu cha Amerika ya Kati na kuwaua Wajesuiti sita, mpishi wao na binti yake. Amani ya El Salvador ilitiwa sahihi Januari 1992 tu. Ya Guatemala ilichelewa hadi Desemba 1996. Aprili 1998 Askofu Juan Gerardi wa Guatemala aliuawa siku mbili baada ya kutangaza taarifa ya Kanisa kuhusu waliouawa katika vita. Na Nikaragua? Ortega alirudi madarakani mwaka 2007. Februari 2023 Askofu Rolando Álvarez alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 26, na Januari 2024 akapelekwa Roma uhamishoni. Wakimbizi wa Nikaragua wanavuka tena kuingia Kosta Rika.

Kwa hiyo hatusemi kwamba nchi ndogo iliyaokoa mataifa. Tunasema jambo dogo zaidi. Mwaka 1987 wakubwa wote walikuwa na sababu nzuri za kuendelea kupigana, na mdogo mmoja aliyesafisha kwanza uwanja wake aliweza kuwaomba wajizuie bila kuona aibu. Waliokuwa wanataka kuacha wakapata mlango wa kupitia. Mlango si nyumba, lakini asiyekuwa na mlango hawezi kutoka.

Abigaili na punda zake

Katika sala zetu za Kwaresima tulirudi kwenye Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 25. Daudi ametukanwa na Nabali, tajiri asiye na busara, naye amewafunga watu 400 panga viunoni na yuko njiani kuimaliza nyumba ile. Abigaili, mke wa Nabali, hana jeshi. Anapakia punda mikate, divai, kondoo, bisi na tini, anashuka mlimani, anakutana na panga uso kwa uso. Kabla ya kumwomba Daudi ajizuie, anafanya mambo mawili: anakubali kosa la nyumba yake, na anatoa kile ambacho nyumba yake ilikinyima. Hamwambii Daudi kwamba hasira yake haina msingi. Anamkumbusha jinsi atakavyojisikia kesho akiwa na damu mikononi. Daudi anarudi nyuma.

Tuligundua kwamba tumezoea kuihubiri sura hiyo kama habari ya mwanamke mpole. Sasa tunaiona ni habari ya mtu jasiri aliyejua kwamba mpatanishi haendi mikono mitupu, wala haendi akiwa msafi machoni pake mwenyewe.

"Na chenu?"

Siku ya kuwasilisha ilifika. Tulieleza vizuri, na tulipomaliza Padre akauliza swali lake: "Kiwanja kilikuwa wapi?"

"Santa Elena, Padre," tukajibu kwa pamoja, kama watoto wa komunyo ya kwanza.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na chenu?"

Hakuna aliyejibu. Tulisikia mvua kwenye mabati. Wa kwanza kusimama alikuwa yule aliyeweka video. Hakusema mengi. Alisema kwamba kama angekuwa na mama yake pale barabarani Goma asingeongeza mzaha ule. Baada yake tukaanza kusema wengine, mmoja mmoja, na ndipo tulipouona ukubwa wa kiwanja chetu. Sisi tuliosema hatuna upande ndio tuliokuwa tukibeba maneno kutoka meza hii kwenda meza ile. "Unajua mwenzako kasema nini?" Tulitua usiku, tukashusha mzigo, tukaruka. Wale wawili walikuwa na uchungu wao wa kweli, lakini silaha nyingi walizotumiana tulizisafirisha sisi.

Tulijifunza pia jambo lililotuumiza zaidi. Baadaye, tulipoamua kwenda kwa kila mmoja wao kumwomba msamaha, tulimwuliza habari za nyumbani. Yule wa Kongo alitueleza kwamba shangazi yake aliyemlea alikimbia na watoto watatu, na siku kumi hakuwa amepata simu yake. Yule wa Rwanda alitueleza kwamba nyumba yao iko karibu na mpaka, kwamba risasi na mabomu yalivuka hadi upande wao, na kwamba mdogo wake bado anaamka usiku akilia. Kwa zaidi ya mwezi mzima tulikuwa tumejadili Goma tangu asubuhi hadi usiku, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewauliza swali hilo.

Tulikubaliana mambo machache tu. Video za vita haziingii tena kundini kwetu. Neno alilolisema mtu akiwa na hasira halivuki meza. Zamu ya meza bwaloni itafuata orodha ya majina, si moyo wa mtu. Na kila Ijumaa, kabla ya Njia ya Msalaba, tunataja kwa majina watu wa nyumbani kwa wenzetu walioko katika hatari, wa pande zote mbili za ziwa.

Tunajua kwamba vita ya Kivu haitaisha kwa sababu ya orodha ya meza za bwaloni. Hayo yana wakubwa wake. Tarehe 8 Februari 2025 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC walikutana Dar es Salaam wakitaka mapigano yasitishwe, na mwezi huohuo maaskofu Wakatoliki wa Kongo pamoja na wenzao Waprotestanti waliwaendea viongozi wa pande zinazohasimiana. Tunawaombea. Lakini nanyi ndugu zetu wa parokiani, mnaosoma haya mkiwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, au wa urithi, au wa kwaya mbili za kigango kimoja, jiulizeni kabla ya kwenda kupatanisha. Ni maneno ya nani yanayotua kwako usiku? Ni siri gani unayoipa upande mmoja huku mbele za watu ukisema, "Mimi sina upande"? Mwenyekiti wa jumuiya mwenye kiwanja porini anaweza kusali Rozari nzuri sana, na bado hatasikilizwa.

Mwezi Machi mvua zilipochanganya, tulikwenda kupalilia mahindi ya seminari. Orodha ya kazi iliwapanga wale wawili matuta yanayofuatana. Hatukuwasukuma, na hatukukaa mbali kuwatazama kama watu wanaosubiri muujiza. Kwa saa nzima hawakusemezana. Kisha jembe la mmoja likalegea mpini, mwenzake akalichukua, akaligonga juu ya jiwe mpaka likakaza, akamrudishia. Wakaendelea na kazi. Kesho yake asubuhi, baada ya majuma mengi, tulisikia mlangoni mwa darasa, "Jambo sana!" Kikapita kimya kifupi, kisha mtu mmoja akaitikia.

Bikira Maria, Malkia wa Amani, utuombee.